Kiboksi Nilichokipeleka Ikuti

Mwanangu Bupe,

Mama yako amekwisha kukufungia sweta mbili, ameviringisha maparachichi kwenye gazeti ili yaivie njiani, na amekuambia yote ya kukuambia kuhusu vibaka wa stendi ya Mbeya na kutokula vya barabarani. Hapo sina la kuongeza. Nimekaa karakanani nyuma ya nyumba, mvua ya mchana inapiga bati, na wewe uko Kisondela kumuaga shangazi yako. Utarudi na bodaboda kabla giza halijaingia. Kwa hiyo nina saa kama tatu za kusema jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miezi minne. Nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo, najijua: nitakutazama usoni, halafu nitaanza kuzungumzia matairi ya basi.

Niliweke mezani kwanza, nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha. Siku babu yako alipoanguka, umeme haukukatika. Betri yako ya akiba haikuwa mbovu. Vitufe vyako havikuwa na kosa lolote. Kiboksi kilichoviunganisha nilikichomoa mimi, kwa mkono wangu huu, nikakitia kwenye mkoba wa spana nikaondoka nacho. Kisha nikakudanganya.

Soma tena hapo kama unataka. Mimi nimeshasoma mara nne na bado naona kama ni mtu mwingine ameandika.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Sikuelezi ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu ulibeba kosa ambalo hukulijua sura yake, na mtu aliyebebeshwa mzigo ana haki ya kuufungua aone ndani mna nini.

Mila yetu ya wakwe umekulia ndani yake, lakini sidhani kama niliwahi kukusimulia ilivyoanza kwetu. Siku mama yako alipoingia mara ya kwanza uani kwa babu yako kule Ikuti, aliingia amejifunika kanga hadi kidevuni. Tangu siku hiyo hakupata kumtazama mzee usoni wala kulitaja jina lake. Mzee akitaka kupita, anakohoa. Mama yako akisikia kikohozi, anapisha, anaingia ndani au anageukia migomba mpaka hatua ziishe. Chakula anakiweka mlangoni, anaondoka, ndipo mzee anakichukua. Vijana wengi wa hapa mjini wameiacha mila hiyo, na mimi nilipokuwa kijana nilijiona mjanja, nikamtania: "Mzee mwenyewe ni mtu tu, ana pua kama yangu." Akanijibu, "Pua yako nimeizoea. Yake niachie mwenyewe." Hakuwa anaogopa. Ilikuwa heshima yake kwa mzee, na mzee naye alimheshimu kwa kukohoa mapema, hatua nyingi kabla ya kona, asimshtue. Miaka ishirini na sita walikaa hivyo na hawakuwahi kukoseana.

Bibi yako alipofariki tukamleta mzee hapa Bulyaga, tukampa chumba cha pembeni. Unakumbuka kiharusi kilivyompiga mwaka uliofuata. Mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, na kifua kikabaki cha kunong'ona. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mzee asiyeweza kukohoa hana namna ya kuomba njia kwa mkwe wake. Ukumbi wetu ni mwembamba na mlango wa jikoni unafungukia humo humo. Mama yako akawa anapika huku ametega sikio. Nilikuwa nikimkuta amesimama na mwiko mkononi, ameacha kukoroga, anasikiliza kama fimbo inagonga sakafu.

Nilimwambia nitavuta waya wa kengele. Nilimwambia hivyo mwezi wa kwanza, nikamwambia tena mwezi wa tano. Nimefunga kengele kwenye nyumba za watu kutoka hapa hadi mpakani, lakini kwangu kila nikishika patasi nichimbe ukuta, nakumbuka kazi ya mtu. Mama yako hakulalamika. Angelalamika ningechimba, na ukweli huo nao unanitia aibu.

Ndipo ukarudi kutoka chuoni na ule mfuko wako wa karatasi. Ukamimina mezani vitu vinne vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, kiboksi kimoja chenye taa, na balbu tatu na kengele moja za kuunganishwa navyo. Nikacheka. Nikakuuliza kama ni vifungo, umekuja kunishonea koti. Ukacheka pia, ukasema, "Baba, subiri uone," na ukaanza kazi palepale juu ya meza ya kulia. Kiboksi ukakichomeka kwenye soketi ya sebuleni, pamoja na betri ya akiba ili umeme ukikatika kisizimike. Ukachukua kitufe cha kwanza, ukaingiza pini kwenye kitundu chake, ukabana mpaka kikameta mara tatu. Simu yako ikakitambua, ukakipa jina: Babu. Cha pili ukakiita Jikoni. Cha tatu, Karakana. Cha nne ukakiunganisha na taa yangu ya karakanani ila ukakiacha bila jina, ukasema ni cha akiba.

Nilijifanya nasoma gazeti. Nilikuwa nakutazama.

Ukabandika kile cha kwanza karibu na mlango wa mzee, usawa wa mkono wake wa kulia ulio mzima, ukakaa kitandani kwake ukamfundisha. Akibonyeza mara moja, taa ya jikoni inakuwa ya kijani, maana yake natoka, nipisheni. Akibana kwa muda mrefu, kengele inalia huku kwangu karakanani, maana yake nimekwama, aje mtu. Mzee akageuza kichwa, akakitazama kitufe kwa jicho lile zuri.

"Gwe Bupe, kwa hiyo hiki kinakohoa badala yangu?"

"Ndiyo babu. Kinakohoa bila kelele."

"Ndaga, mwana gwangu," akashukuru kwa kilugha chetu, na nilimwona akifuta jicho kwa kiganja, ingawa angekataa ukimuuliza.

Ulimpa mama yako naye cha kwake pale jikoni: akibonyeza, kataa kadogo kanawaka chumbani kwa mzee, maana yake chakula kipo mlangoni; akibana kwa muda mrefu, kengele inanilia mimi karakanani. Nyumba ikatulia. Lakini kuna jambo lililotokea ambalo nadhani wewe mwenyewe hukulipanga. Jioni moja nilimkuta mama yako amesimama chini ya ile taa, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba ameshukuru." Mzee alikuwa amekula, akabonyeza mara mbili. Hakuna aliyemfundisha. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mama yako akajibu mara mbili. Kuanzia hapo kila baada ya chakula walikuwa wanafanya hivyo, watu ambao katika miaka ishirini na sita hawakuwahi kuambiana neno moja. Mtu wa kwanza kuwapa njia ya kusemezana alikuwa binti yangu, na vitufe vyake nilivyoviita vifungo vya koti.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi, kwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa wivu, Bupe, na sina jina jingine la kuipa. Watu wakaanza kuja hapa kuulizia fundi, nikitoka wanasema, "Hapana, yule binti." Mzee Saidi, jirani yetu wa duka, alinipigia kelele toka barazani kwake mbele ya wateja: "Fundi! Siku hizi wewe ndiye msaidizi?" Nikacheka nao. Nikaingia ndani nikakaa hapa nilipokaa sasa, nikazitazama koili zangu za waya ukutani, nikaona kama zinanicheka zenyewe.

Kisha akaja yule mstaafu anayejenga kule Ikuti, nyumba yake inaonekana kabisa kutoka kwenye migomba ya babu yako. Akaniuliza kama najua mambo haya mapya ya kubonyeza bila waya. Hapa ndipo nilipoharibu. Ningesema, "Binti yangu anajua, nitakuletea." Sentensi fupi tu, na ningeisema kwa fahari. Nikasema, "Ninazijua. Nimezifunga mwenyewe nyumbani kwangu." Akasema anataka kuona kwa macho kabla ya kunipa kazi. Nikasema Alhamisi.

Alhamisi ile wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Saa nane na robo nilichomoa kiboksi, nikatoa taa yangu ya karakanani, nikachukua kile kitufe cha nne, nikaita bodaboda. Mama yako alikuwa nyuma anaosha masufuria. Neno moja lingetosha: leo vitufe havifanyi kazi, tega sikio. Sikulisema, kwa kuwa angeuliza kwa nini, na nikimjibu kwa nini angejua kwamba nakwenda kuuza kazi yako kwa jina langu. Kwa hiyo nilipita kimya. Nilitembea kwa ncha za vidole nyumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe.

Ikuti mambo yakaenda vizuri, kama unaweza kuyaita hivyo. Nilichomeka kiboksi, nikabonyeza, taa ikawaka. Mstaafu akapiga makofi. Akaita mkewe, nikabonyeza tena. Akasema, "Sasa fundi, hebu kiunganishe na hii taa yangu nyingine." Nikakigeuza kile kitufe, nikatafuta kitundu, nikakosa hata pini ya kuingiza, na simu yangu haikuwa na programu yako. Nikamwambia mtandao leo ni mbaya. Nilisema hivyo huku jasho linanitoka kwenye baridi ya Ikuti.

Na katika saa hiyo hiyo, nyumbani, babu yako alibonyeza kitufe chake.

Hakuna taa iliyowaka jikoni. Yeye hakuweza kujua. Zamani alikuwa anakohoa, anasimama, anasikiliza, ndipo anatoka. Wewe ulikuwa umempa kitu cha kuaminika, naye alikiamini, akatoka na fimbo yake moja kwa moja. Mama yako alikuwa anatoka jikoni na beseni la ndizi za moto. Wakakutana uso kwa uso katikati ya ukumbi. Umesikia habari hiyo kwa watu, lakini mama yako alinieleza mimi peke yangu: kwamba mzee hakujikwaa. Aligeuka. Aligeuka haraka ili asimtazame mkwe wake, kwa mguu ule usiomtii, na nyonga ikaenda chini kabla ya mwili.

Mama yako akaliweka beseni, akajifunika kanga kichwani. Hakuweza kumgusa. Usimlaumu kwa hilo, mimi simlaumu. Alikimbilia jikoni akabana kitufe chake, akabana na kubana, akidhani kengele inalia karakanani na mimi niko njiani. Kengele haikulia. Ndipo akatoka nje akapiga yowe, na Mzee Saidi, ambaye mila yetu haimfungi, akaruka kaunta yake akaja kumwinua baba yangu. Mimi nilikuwa napigiwa makofi.

Niliporudi nilikuta watu uani. Kabla ya kwenda kumwona mzee, Bupe, kabla ya kumwona baba yangu, nilipita sebuleni nikakichomeka kiboksi mahali pake.

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua kwa upande wako. Uliporudi ukafungua simu, ukaona kwenye kumbukumbu zake kwamba kiboksi kilitoweka saa nane na robo kikarudi saa kumi na moja kasoro robo. Ukanifuata hapa karakanani. Ulikuwa umeishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, kuna mtu alichomoa kiboksi?"

"Nani achomoe? Umeme ulikatika."

"Lakini kuna betri ya akiba."

"Basi hiyo betri ndiyo mbovu. Mimi nafanya kazi hii tangu hujazaliwa."

Niliona kabisa ukipima: simu inasema kitu, baba anasema kingine. Ukaiweka simu mfukoni. Uliniamini mimi kuliko kifaa chako, kwa sababu mimi ni fundi na ni baba yako. Nililitumia jina la fundi kama rungu la kukupigia.

Wewe hukwenda kuipima ile betri. Nadhani uliona kuipima ni kunitilia shaka. Ulikwenda kwa mzee, ukapiga magoti kando ya kitanda alicholalia amefungwa mguu, ukamwomba radhi mbele ya mjomba wako na wazee wa kanisa waliokuja kumjulia hali. "Ni kosa langu, babu. Sikuipima betri." Mjomba wako akasema mambo ya chuoni yabaki chuoni. Mzee akasema vitufe viondolewe. Nami nilikuwa mlangoni, nimeegemea fremu, nimekunja mikono kama mtu anayesikitika. Mzee Saidi pia alikuwepo. Alinitazama. Friji la soda dukani kwake lilikuwa limeunguruma mchana kutwa, anajua umeme haukukatika hata dakika moja. Hakusema kitu siku ile wala baadaye, ila tangu hapo hanitanii tena. Unaweza usiamini, lakini utani wake nimeukosa sana.

Nilijiambia nitakuambia mambo yakipoa. Hayakupoa. Ukavibandua vitufe ukavitia kwenye kopo la biskuti. Mama yako akarudi kutega sikio kwa mtu ambaye hatembei tena. Halafu likaja suala la Dodoma, wale watu wenye karakana ya kufunga vifaa hivi majumbani, walioiona kazi yako ya chuo wakasema uje. Nilidhani Dodoma itakuponya na mimi itanisitiri. Jioni moja ukaniambia huendi.

"Baba, mtu aliyemvunja babu yake nyonga hawezi kufunga vitu kwenye nyumba za watu. Nitaenda Iringa kwa mama mdogo, nikauze vitenge."

Mlango ulikuwa wazi kabisa pale, mwanangu. Nilichotakiwa ni kupita. Nikasema, "Iringa nako ni pazuri, hali ya hewa kama ya huku."

Maneno hayo yamenikaa kifuani kuliko uongo wenyewe. Uongo niliusema kwa hofu, wa haraka haraka. Haya niliyasema nikiwa nimetulia, nimekaa, nakunywa chai.

Asubuhi ya leo ulipoondoka kwenda Kisondela, niliingia kwa mzee nikafunga mlango. Nikamweleza yote, hata ile ya mtandao mbaya.

"Mtoto alipopiga magoti hapa," akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, baba."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Gwe mwanangu. Ulisimama."

Hakunitukana. Aligeuza uso ukutani, kama anavyogeuza akihisi mama yako yuko karibu. Mimi mwanawe wa kunizaa akanigeuzia uso. Nikainuka nitoke, na nilipofika mlangoni akasema, "Nirudishie kitufe changu. Nataka kumshukuru mkwe wangu kwa uji."

Nikaenda kwa mama yako. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya hata nilipofika kwenye sehemu ya beseni. Nilipomaliza akasema, "Ulirudi siku ile na udongo mwekundu wa shambani kwa mzee kwenye viatu. Niliviosha mwenyewe. Nikasema utaniambia." Akamenya nyingine mbili. Kisha akasema, "Mimi nimeufunika uso wangu miaka yote hii kwa heshima. Wewe wa kwako uliufunikia nini?"

Nikaenda nikachukua lile kopo la biskuti. Nimefunga umeme miaka thelathini, lakini nilihitaji daftari lako la chuo ili niweke programu yako kwenye simu yangu na kuunganisha kitufe kimoja. Nimekaa na maandishi yako kama mtoto wa darasa la kwanza: bana kwa pini mpaka kimete mara tatu, usiachie mapema. Niliachia mapema. Nikarudia. Mara ya tatu nikakipa jina la Jikoni kile kilichopaswa kuwa cha Babu, na mama yako akapiga kelele kwamba taa inawaka ovyo. Nilitokwa na jasho tena, ila safari hii sikumdanganya mtu kwamba ni mtandao. Nilielewa jinsi ulivyofikiri kila kitu: urefu wa mkono wa mzee, rangi ambayo macho ya mama yako yanaiona upesi, ile betri ya akiba. Niliipima, Bupe. Nilichomoa kiboksi kwenye soketi, nikakiacha kwenye betri pekee, nikakaa nacho toka saa nne hadi saa nane. Hakikuzimika. Ilikuwa nzima muda wote, kama kazi yako yote.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nikakuta ulivyoandika: "Kosa: betri ya akiba. Sikuipima. Kosa langu." Nimepiga mstari juu yake kwa kalamu yangu. Chini nimeandika kilichotokea, nikaweka jina langu, ili siku ukilifungua mbele ya mtu yeyote asome mwandiko wa aliyefanya. Kesho baada ya basi lako kuondoka nitakwenda kwa mjomba wako na kwa wale wazee wa kanisa, mlango kwa mlango. Mzee Saidi nimekwisha kumwambia. Alinisikiliza akipanga sabuni, akasema, "Alhamdulillahi, nilianza kuchoka kukununia."

Sitakuomba unisamehe kwenye barua. Barua ni rahisi, karatasi hainitazami. Sitakuambia pia uende wapi. Nimepoteza haki ya kukushauri kuhusu kazi hiyo siku niliyoiiba. Najua tu kwamba wale wa Dodoma wanasubiri jibu mpaka Jumatatu, na kwamba basi la kesho ni lile lile, linafika Iringa kisha linaendelea hadi Dodoma. Utakapofika Iringa utashuka au utabaki kwenye kiti. Vyovyote utakavyofanya, usifanye kwa kuamini kwamba wewe ulimwangusha babu yako.

Kama kuna kitu nimejifunza ni hiki, na nimejifunza nikiwa na mvi: ile simu yako ilisema kweli na haikuwa na kitu cha kupoteza. Mimi nilikuwa nacho. Siku nyingine ukimsikia mtu mkubwa anakujibu kwa kutaja miaka yake ya kazi, mwangalie viatu. Mimi ungeniangalia siku ile ungeona udongo wa Ikuti.

Mvua imepungua, na nasikia mama yako anachochea moto. Mzee amekunywa uji saa hizi, na kitufe chake nimekibandika kando ya kitanda. Taa ya jikoni imewaka mara mbili, nimeiona kupitia dirisha.

Barua hii nitaiweka kitandani kwako, na juu yake kile kitufe cha nne, nilichokwenda nacho Ikuti. Hakikuwa na jina, leo nimekipa: Bupe. Nimekiunganisha tena na taa iliyo juu ya meza yangu hapa karakanani. Sitakuja chumbani kwako wala sitakusimamia ukumbini nikushtukize na uso huu. Utakaporudi, kula, soma, kaa na hasira yako kadiri unavyotaka. Ukiwa tayari kuniona, bonyeza mara moja, nitakuja niyaseme haya yote kwa mdomo, mbele ya mama yako na babu yako, nikiwa nimepiga magoti pale pale ulipopiga wewe. Usipobonyeza, kesho asubuhi nitabeba begi lako hadi stendi nikitembea nyuma yako, na nitaelewa.

Nimekaa naitazama taa. Kiboksi kiko kwenye soketi yake sebuleni. Safari hii hakuna aliyekigusa.

Baba yako